Binti Aliyevunja Sahani

Mzee Springi alikuwa fundi wa makochi, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya springi alizokuwa akizifunga kwenye viti vyao. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Ukimuuliza habari za sinema aliyoitazama jana, utasimama pale mpaka miguu ife ganzi. Lakini ukimuuliza habari za moyo wake, ghafla atakumbuka gundi inaganda, misumari imekwisha, kuna mteja anamsubiri nje. Mwoga huyu mzee, mwoga wa kutupwa! Nalisema mapema msije mkamhurumia kabla ya wakati wake.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu kilichogawanywa katikati kwa ukuta wa mbao nyembamba. Upande huu alikaa yeye na sponji zake, na misumari midogo ambayo aliibana midomoni akifanya kazi. Upande wa pili alikaa mshonaji wa mapazia, mama mjane wa makamo, mwenye sauti nzito na kicheko cha kushtukiza. Yeye alimwita mzee "fundi," na mzee alimwita "jirani." Ukuta wenyewe haukufika darini, kwa hiyo maneno yalipita juu yake bila hata kupiga hodi.

Mambo yao yalianza na sinema. Hakuna aliyemtongoza mwenzake, msidhani. Asubuhi moja mzee alikuwa akijisemea peke yake huku akipigilia misumari, anailaani sinema ya jana yake.

"Tajiri mzima, nyumba ya ghorofa, halafu kochi limebonyea katikati kama la kituo cha polisi! Nani atamwamini huyo?"

Sauti ikajibu kutoka upande wa pili. "Na mapazia je? Uliyaona mapazia yake? Mafupi! Kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla."

"Kumbe na wewe uliitazama?"

"Niliitazama, nikajuta."

Basi, tangu siku hiyo kila asubuhi ikawa hivyo. Mzee alihukumu viti, mama alihukumu mapazia, na katikati walikutana kumsengenya steringi, yule shujaa wa sinema.

"Yule steringi wa jana alipigwa risasi ya bega," mzee alisema siku nyingine. "Akaendesha pikipiki, akaogelea mto, jioni akaenda harusini."

"Bega lipi?"

"La kulia."

"Mbona alimnyanyua bibi harusi kwa mkono huo huo?"

"Ndiyo nashangaa na mimi, jirani! Mimi nikilalia bega vibaya tu, siku nzima sishiki nyundo."

Mama alicheka mpaka cherehani ikasimama, na mzee, na misumari yake midomoni, akajikuta anangojea kicheko hicho kila siku. Baadaye akawa anazunguka kwenda kunywa chai upande wa pili. Baadaye tena akawa anachelewa kurudi. Hatimaye siku moja akapiga moyo konde, akasema juu ya ukuta, maana ana kwa ana asingeweza: "Jirani, mimi nikikuomba tuoane, utanionaje?"

Cherehani ikanyamaza. "Zunguka uje uyasemee huku," mama alisema.

Alizunguka. Akayasema. Na mama alikubali, ila aliweka sharti lake wazi kabisa. "Mwanao ajue, fundi. Na ajue kwa kinywa chako. Mimi siingii nyumba ya watu kwa kunyata."

Mzee aliapa angesema wiki hiyo hiyo. Nanyi mnajua viapo vya waoga. Siku mbili tatu baadaye mwanawe wa pekee, binti aliyekuwa fundi wa miwani katika duka la mjini, alipita karakanani kumletea baba yake dawa ya kikohozi. Mama wa mapazia akatoka, amejifunga kitambaa kipya, uso unang'aa, ameshajiandaa kutambulishwa. Mzee akasema, "Mwanangu, huyu jirani tu. Jirani wa kazini."

Jirani tu! Mtu ameshakubali kuolewa na wewe, unamwita jirani tu! Mimi ningekuwepo ningemtwanga kwa mto wa kochi.

Mama alimpa binti mkono kwa heshima zote, akarudi kwake. Cherehani ilinguruma kutwa nzima bila neno moja kupita juu ya ukuta. Jioni, mzee alipokuwa akifunga mlango, mama alimsimamia mbele. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Kodi yangu hapa inaisha mwisho wa mwezi huu," alisema. "Kuna chumba nimeonyeshwa mtaa wa pili, kikubwa, kina mwanga. Ukisema na mwanao, nitabaki. Usiposema, nitahama, na hayo mengine yatakuwa yamekwisha. Mimi si mtu wa kufichwa, fundi. Nilikwisha zeeka na heshima yangu."

Basi hilo ndilo lililomkaa mzee kooni: aseme na mwanawe, au ampoteze yule mama. Mtu mwingine angekwenda akasema siku ile ile. Lakini ili mwelewe kwa nini hakusema, inabidi niwaambie habari za Jumamosi.

Marehemu mke wa mzee alikuwa mkata tiketi katika jumba la sinema enzi zake, na nyumbani aliweka sheria kama za kazini. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mmoja wa familia alisimulia sinema aliyoitazama wiki hiyo. Akishasema "zima taa," hakuna ruhusa kumkatiza hata kwa kukohoa, mpaka yeye mwenyewe atakaposema "washa taa." Hapo ndipo wengine walitoa maoni yao, na maoni yalikuwa huru kabisa: ungeweza kumwita steringi mjinga, ungeweza kumtakia adui maisha marefu. Kitu kimoja tu kilikuwa marufuku. Hakuna kusema "kama wewe." Watu wa sinema wakae kwenye sinema, marehemu alisema, vinginevyo tutagombana kila wiki.

Alipofariki, baba na binti waliendelea. Binti alikuwa anaishi kwake, chumba cha kupanga karibu na duka la miwani, lakini Jumamosi hakukosa hata mara moja. Alikuja, wakala, wakasimuliana, wakabishana juu ya steringi, akaondoka. Mzee aliona kwamba hizo Jumamosi ndizo kitu pekee kilichobaki kizima katika nyumba ile, na aliogopa kuzigusa.

Halafu ikaja Jumamosi moja, kabla ya hayo ya "jirani tu," binti akasimulia sinema ya mzee mjane aliyeoa tena. Alipowasha taa alitikisa kichwa. "Yule mzee alinikera! Mtu mzima na mvi zake, anajichekesha na kujipaka marashi. Nilitamani kuzima televisheni." Mzee Springi alisikia hayo, akanyanyuka kwenda jikoni kubandika maji ya chai ambayo hakuna aliyeyaomba. Binti aliendelea kusema kule sebuleni, lakini masikio ya mzee yalikuwa yamekwisha fungwa. Alichosikia kilimtosha. Hukumu imeshatoka, alijiambia, na mtuhumiwa ni mimi.

Siku zikapita, mwezi ukawa unasogea ukingoni. Upande wa pili wa ukuta mama alikuwa ameanza kufunga vitambaa vyake kwenye masanduku ya karatasi. Mzee alisikia utepe wa gundi ukivutwa, kwaa, kwaa. Ndipo akapata wazo lake la kijanja. Angetunga sinema. Angemsimulia binti yake sinema ambayo haipo duniani, asikie maoni yake kwanza, kisha ajue aseme au anyamaze. Na kwa ujanja zaidi, akaona binti wa kwenye sinema amfanye mkorofi kupindukia, ili binti wa kweli amchukie na aone aibu kufanana naye.

Alijiona ana akili nyingi! Alishinda wiki nzima akifunga springi na kutunga, anatabasamu peke yake.

Jumamosi ikafika. Walikula, binti akaosha vyombo, akazipanga juu ya kabati zile sahani sita zenye ukingo wa bluu ambazo marehemu alizipenda kuliko vyombo vyote. Akaja akakaa, akakunja miguu kwenye kochi.

"Leo zamu yako, baba. Una nini?"

"Nina moja kali," mzee alisema. "Inasikitisha, lakini kali."

"Inaitwaje?"

"Jina limenitoka. Ya kigeni hiyo. Ina maandishi chini."

"Na uliyasoma bila miwani? Maana miwani niliyokutengenezea naiona pale, imelala juu ya redio tangu wiki iliyopita."

"Maandishi yalikuwa makubwa," mzee alisema. "Zima taa."

Binti akafunga mdomo, kama sheria inavyotaka.

"Palikuwa na mzee mmoja," mzee akaanza, "fundi viatu. Mjane. Mtu mwema sana, anapendwa na mtaa mzima." Nyie mnacheka, lakini ndivyo alivyosema. "Karibu naye kulikuwa na mama muuza maua. Ukuta tu katikati. Wakawa wanaongea kupitia ukutani, wanasengenya watu, wanacheka. Mzee akikaa na kazi yake asubuhi, anachukua kiatu, anavuta kamba, anafunga springi ya kwanza, anafunga ya pili..."

Alisikia alichosema, akasita. Binti aliinua nyusi. Springi za kiatu? Lakini taa zilikuwa zimezimwa, hakuna ruhusa ya kuuliza.

"...springi za kiatu maalumu," mzee akasema haraka, "cha michezo. Yule mama naye alikuwa hodari. Mteja akija na vipimo vya dirisha lake, yeye anakata, anakunja, anapiga pindo..." Akasita tena. "Maua ya dirishani. Basi wakapendana."

Hapo binti alishusha miguu kutoka kwenye kochi, akaiweka sakafuni. Alimtazama baba yake kama anavyotazama kioo cha miwani kabla ya kukikata. Mzee alitazama ukuta. Angeweza kuacha hapo, akasema basi, akawasha taa. Lakini msimuliaji akishaogopa huwa anaongeza mwendo, na mzee alikuwa ameogopa sana.

"Tatizo lilikuwa binti yake," alisema. "Mzee alikuwa na binti. Msomi, mzuri, lakini roho mbaya! Aliposikia baba yake anataka kuoa, akawaka moto. Akaja nyumbani, akamtukana mama wa watu mbele ya majirani, akamwita mwizi. Halafu akaenda kabatini, akazichukua sahani za marehemu mama yake, zenye ukingo wa bluu, akazipiga chini moja moja. Paa! Paa! 'Ukioa,' akasema, 'mimi si mwanao tena.'"

Maneno "ukingo wa bluu" yalikuwa yamekwisha toka. Binti aligeuza kichwa taratibu akatazama juu ya kabati, kisha akatazama mikono yake iliyokuwa bado na unyevu wa kuosha. Mzee aliona. Lakini hajawahi kutokea mtu katika nyumba ile akaiacha sinema njiani, kwa hiyo akaikokota mpaka mwisho.

"Mzee akamwacha yule mama. Akaishi peke yake. Akaugua. Akafa kwenye kiti chake, hana wa kumpa maji. Basi. Washa taa."

Kule nje mtu alikuwa anafagia uwanja, na walimsikia akifagia kwa muda.

"Sasa?" mzee aliuliza. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Umeionaje?"

"Mbaya," binti alisema.

"Mbaya kwa nini?"

"Mwanzo ulikuwa mzuri. Yule mama wa maua nimempenda. Na wale wazee wanavyosengenya kupitia ukutani, hapo nilitaka kucheka, sema taa zilikuwa zimezimwa."

Mzee akajisogeza mbele. "Kweli umempenda?"

"Nimempenda. Na mzee mwenyewe si mbaya, ila mwoga. Lakini huyo binti." Akapangusa mikono kwenye sketi. "Nani aliyemtunga huyo binti?"

"Sijui. Wazungu, sijui nani."

"Aliyemtunga hana mtoto wa kike. Au anaye, lakini hamjui hata kidogo. Hebu niambie, baba, sahani za mama yake! Mtu anayempenda marehemu mama yake mpaka hataki baba aoe, atazivunjaje sahani zake? Si angezikumbatia? Si angeziweka kwenye maji ya uvuguvugu, akazifuta moja moja, hata kama amekasirika mpaka anatetemeka? Na katika sinema yote hiyo, kuna mahali baba alimkalisha chini huyo binti akamuuliza? Hata mara moja?"

"Hakumuuliza."

"Alijuaje atakataa?"

"Alimsikia," mzee alisema, na sasa uoga wote ulikuwa umemgeukia kuwa ubishi. "Alimsikia akisema maneno. Siku moja. Alisimulia habari ya mzee mjane aliyeoa, akasema amemkera, akasema alitamani kuzima televisheni."

"Na baada ya hapo akasema nini?"

Mzee aligeukia mlango wa jikoni.

"Baada ya hapo nilisema nini, baba?" Hiyo "nilisema" ilimponyoka, au labda aliiachia makusudi, mimi sijui. "Ulikwenda jikoni. Uliacha maoni yangu katikati, kitu ambacho mama asingekuruhusu. Nilisema yule mzee amenikera kwa sababu alioa kimya kimya. Watoto wake waliambiwa na muuza duka! Nilisema mimi baba yangu akinifanyia hivyo nitalia wiki nzima. Nilisema kwa sauti, ili usikie huko uliko. Na wewe unapiga kelele na birika."

Tuseme ukweli, mzee alikuwa amemhukumu mtoto kwa nusu ya sentensi.

"Kama mimi," binti alisema. Sauti ilikuwa tulivu, lakini machozi yalikuwa yamekwisha fika. "Nalisema hilo neno, mama atanisamehe. Huyo binti mwenye roho mbaya umemtunga kama mimi. Umekaa siku zote hizo unafikiria, na katika kufikiria kwako ukaniona nazivunja sahani za mama. Inaniuma, baba. Sikufichi. Imeniuma kuliko hiyo habari ya kuoa."

"Nilitia chumvi tu, mwanangu..."

"Ulitia chumvi kwenye kidonda." Alivua miwani yake, akaipangusa, akaivaa tena. "Unajua, tangu mama afariki hujaniambia neno lako hata moja. Kila Jumamosi watu wa sinema, watu wa sinema. Nimewajua wote. Najua nani alimsaliti nani, nani alikufa kwa ajali ya ndege. Wewe sikujui. Sijui unalala vipi. Sijui unamlilia mama au umeacha. Nakuja hapa kila wiki nangojea useme kitu, na nikitoka nakuwa nimesikia habari za pikipiki."

Mzee Springi alitazama chini. Alijiona mdogo kuliko mtoto aliyemzaa. Alitaka kusema kwamba naye aliogopa kumchosha, kwamba aliona akianza kulia mbele yake binti ataacha kuja. Alitaka kusema kwamba usiku mwingine bado humwita marehemu kwa kujisahau. Akaanza, kwa mazoea yake:

"Palikuwa na mzee mmoja..."

"Hapana," binti alisema.

Ikabidi aanze upya. Hajawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo, hata ile ya kulirudisha kochi lililounguzwa na pasi. "Mimi," alisema. "Mimi namlilia mama yako. Sijaacha. Na nampenda yule jirani. Yote mawili yamo humu humu, sijui yamekaaje pamoja, lakini yamo. Nimemwomba tuoane, naye amekubali, nikamwita jirani tu mbele yako, na sasa anahama. Anafunga masanduku. Mwisho wa mwezi ni keshokutwa. Nisamehe kwa ile sinema. Nisamehe kwa zile sahani. Basi, nimesema."

Binti aliinama akalia, waziwazi, bila kuficha uso. Mzee alimsogelea akamshika bega, na naye akalia, maana alikuwa ameshavuka mahali pa kuona haya. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Walikaa hivyo mpaka yule mfagiaji wa nje akamaliza uwanja wake na kuondoka.

Kisha binti akapenga, akanyanyuka, akaanza kuvaa viatu.

"Unakwenda?" mzee aliuliza.

"Tunakwenda. Vaa shati la kueleweka. Leo si bado yuko karakanani?"

"Yuko mpaka jioni. Lakini mwanangu, hebu tungoje kidogo, nijipange..."

"Ukijipanga utatunga nyingine. Vaa shati, baba."

Walitembea bega kwa bega. Mzee alijaribu mara moja kuanzisha habari ya sinema ya majambazi aliyoonyeshwa na mteja, binti akamkata jicho, naye mzee akafyata ulimi. Karakanani walimkuta mama wa mapazia amepiga magoti sakafuni, anakunja kitambaa kizito cha kijani, masanduku yamejaa kila upande. Alipowaona wawili mlangoni alisimama, akajipangusa nyuzi kwenye gauni, uso hauonyeshi chochote.

"Shikamoo," binti alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Mzee alitazama masanduku, akatazama mlango. Nadhani hata wakati huo miguu yake ilikuwa na mpango wake. Lakini alibaki.

"Mwanangu," alisema, "huyu ndiye ninayetaka kumuoa. Si jirani tu. Nilisema uongo, nikakudanganya wewe na nikamvunjia heshima yeye." Akamgeukia mama. "Anajua yote. Nimemwambia kwa kinywa changu. Nilianza vibaya sana, atakueleza, lakini nimemwambia."

Mama hakumjibu yeye. Alikuwa anamtazama binti, macho yake mekundu, pua iliyovimba kwa kulia. Aliweka kile kitambaa cha kijani juu ya sanduku.

"Amesema yake," alimwambia. "Na wewe je? Usiniambie ya kunifurahisha. Mimi naweza kuhama, mizigo nimeshafunga."

Mzee alitaka kumsaidia kujibu, kidogo tu, akajibana mdomo kama aliyeshika misumari.

"Mimi inaniuma," binti alisema. "Nikimwona akicheka na wewe, nitamkumbuka mama, na itaniuma. Sijui itakwisha lini. Siwezi kukudanganya kwamba imekwisha leo kwa sababu nimevaa viatu nikaja."

"Lakini umekuja."

"Nimekuja hivyo hivyo. Na maumivu yangu."

Mama wa mapazia alisogeza masanduku mawili, akavuta kiti kutoka chini ya meza ya kukatia, akakipangusa kwa kiganja.

"Basi kaa hapa, wewe na hayo maumivu yako," alisema. "Sihami tena, wala sina haraka ya kuyafukuza."

Binti akakaa.